Kutoka mwaloni hadi banda la maonesho: mwongozo wa mradi wa sayansi kwa wanafunzi wa Kigoma

Kila mwaka hunijia wanafunzi wawili watatu mlangoni pa maabara wamebeba boksi, gundi na kopo la rangi. "Mwalimu, tunataka kutengeneza volkano." Au bwawa la umeme. Au moyo wa mpira unaopitisha maji mekundu. Huwa nawauliza swali moja tu: mkishamaliza, mtakuwa mmejua nini ambacho leo hamkijui? Wakitazamana bila jibu, nawarudisha na boksi lao.

Sina ugomvi na volkano. Lakini ile ni kazi ya mikono, na jaji wa maonesho ya sayansi anatafuta swali lililopimwa. Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa sekondari wa mkoa wetu na walimu wao. Nitafuata mradi mmoja wa kuanika dagaa tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu vifaa vyake havihitaji mfadhili, na kwa sababu hakuna mtoto wa Kigoma ambaye hajawahi kutafuna dagaa akasikia mchanga ukilia menoni.

Kuhusu maonesho yenyewe kwa kifupi: yanayojulikana zaidi nchini ni ya Young Scientists Tanzania, ambayo wengi tunayaita YST. Mpango ulianza 2011, na maonesho ya kwanza ya kitaifa yakafanyika Dar es Salaam 2012. Wazo lilitoka Ireland, ambako maonesho ya namna hii yapo tangu 1965. Wanafunzi hufanya kazi wawili wawili wakiwa na mwalimu mmoja wa kuwaongoza. Tarehe na fomu hubadilika, kwa hiyo mwalimu apate maelekezo ya mwaka husika kabla hamjanunua hata karatasi ya manila. Kama mnashindana ngazi ya shule au wilaya tu, hatua ni zilezile.

Hatua ya kwanza: swali

Mwaka 1963, mwanafunzi wa shule ya sekondari Magamba aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Akihofia kukosa nafasi, akaweka maziwa ya moto kwenye friji bila kusubiri yapoe. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu, alichekwa. Hakuliacha. Akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, naye akaenda kulijaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na mpaka leo wanasayansi wanabishana kuhusu jambo hilo linaloitwa jina lake.

Angalia alivyokuwa navyo Mpemba: maziwa, sukari, friji na ukaidi. Swali lake lilitoka kwenye kitu alichokuwa akikifanya kwa mikono yake.

Kwa hiyo wiki ya kwanza msikae maktaba. Kila mmoja atembee na kijidaftari mfukoni na aandike maswali ishirini kutoka nyumbani, sokoni Mwanga, shambani, mwaloni wavuvi wanakoshusha samaki. Mengi yatakuwa mabovu, ni kawaida. Kisha chujeni. Je, jibu lake linaweza kupimwa kwa gramu, dakika, sentimita, nyuzi joto au kwa kuhesabu? Kifaa cha kupimia tunacho au tunaweza kukiazima? Tunaweza kurudia jaribio angalau mara tatu kabla ya muhula kuisha? Swali lisilopita hapo liwekeni pembeni hata kama linapendeza.

Nitaje machache yanayopita. Jiko lipi linachemsha lita moja ya maji kwa mkaa mchache zaidi, la bati au la udongo? Chikichi zilizokaa siku tatu baada ya kuvunwa hutoa mawese kiasi gani ukilinganisha na zilizochemshwa siku ileile? Maji ya ziwa Tanganyika karibu na mdomo wa mto Luiche yana tope kiasi gani kabla na baada ya mvua? Hilo la mwisho linahitaji sahani ya bati iliyopakwa nyeupe na nyeusi, jiwe la uzito na kamba yenye alama: unaishusha mpaka isionekane, unasoma kina. Ni mbinu ya padri Mtaliano, Angelo Secchi, ya mwaka 1865, na bado inatumika duniani kote. Wenzetu wa Tabora, wenye asali, wana maswali yao matamu.

Sasa dagaa. Wanafunzi wangu walianza na "Jinsi ya kuboresha ukaushaji wa dagaa Kigoma." Hicho ni kichwa cha hotuba ya mgeni rasmi. Tukalikata mpaka likawa: "Je, dagaa walioanikwa kwenye chanja hukauka haraka kuliko walioanikwa chini, na walioanikwa mchangani hubeba gramu ngapi za mchanga?" Ukisoma tu, unajua utahitaji mzani na saa.

Hatua ya pili: kuuliza wanaojua

Kabla ya kugusa samaki nendeni Kibirizi au Katonga mkaongee na kina mama wanaoanika. Nendeni na barua ya mkuu wa shule, mpitie kwanza kwa viongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia mwalo na uvuvi, palepale, msalimie vizuri, na msianze kumwelekeza mtu kazi aliyoifanya tangu hamjazaliwa. Semeni: "Shikamoo mama, tumekuja kujifunza." Mama mmoja aliwaambia wanafunzi wangu: "Mwanangu, mchanga unaunguza, dagaa wanakauka juu na chini. Chanja ni nzuri, lakini mbao unaninunulia wewe?" Katika sentensi hizo kuna dai la kisayansi linaloweza kupimwa, na kuna sababu ya kiuchumi ambayo kitabu hakitawapa. Yote mawili yaliingia daftarini.

Dai hilo ndilo linalowapa nadharia tete, yaani jibu mnalolitarajia pamoja na sababu yake. Yeye anasema joto la mchanga. Mwanafunzi aliyesoma uvukizaji atasema upepo: kwenye chanja hewa inapita juu na chini ya samaki, ikiondoa mvuke. Andikeni mnalolitarajia na tarehe kabla ya kupima. Msibadilishe baadaye ili muonekane mlijua. Nadharia tete iliyokataliwa na vipimo haipunguzi alama. Kigoma pia tuna kituo cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, na kwa michikichi kuna TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo. Barua yenye maswali matano yaliyofikiriwa vizuri inaweza kuwafungulia mlango.

Kisha kalenda. Hapa wengi huanguka. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti vizuri, kwa hiyo siku za mwezi mpevu wavuvi wengi hupumzika. Ukipanga jaribio wiki hiyo utapata dagaa wachache, wa bei juu, au wa jana. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, ndicho chenye jua la kuaminika, ila mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na mradi wa dagaa mbichi usingewezekana kipindi hicho. Muwe na swali la akiba.

Hatua ya tatu: kupanga jaribio

Kanuni ni nyepesi kuisema na ngumu kuitii: badilisha kitu kimoja, vingine vyote vifanane.

Kitu tulichobadilisha ni sehemu ya kuanikia: mchanga, turubai lililotandikwa chini, na chanja ya wavu iliyoinuliwa mita moja. Kila sehemu ilipata sampuli tatu za gramu 200, yaani sampuli tisa, jumla kilo moja na gramu 800 za dagaa. Kwa nini tatu? Kwa sababu sampuli moja inaweza kuwa na bahati. Kivuli cha mti kinapita juu yake, au ina samaki wakubwa kidogo, na huwezi kujua.

Vinavyofanana: dagaa wa ndoo moja, wameoshwa maji yaleyale, wakachujwa dakika kumi kwenye chekeche. Kila sampuli ilitandazwa ndani ya fremu ya fito ya sentimita 30 kwa 30, ili nyingine isirundikane na nyingine isitawanyike. Zote ziliwekwa saa 2 asubuhi, uwanja mmoja, jua lilelile. Kila sampuli ikapata kibao chenye jina: M1, M2, M3 za mchangani, T za turubai, C za chanja.

Mzani wa jikoni wa kielektroniki unaosoma gramu moja unatosha. Kila asubuhi uupime kwa kitu kimoja ambacho uzito wake haubadiliki, mathalani kopo lililofungwa lenye vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu, na uandike. Nimejifunza kwa uchungu. Mwaka mmoja betri zilikufa saa 6 mchana, tukaazima mzani wa jirani, na kuanzia hapo kila sampuli "ikaongezeka" gramu kumi na kitu. Siku nzima ikaenda na maji.

Na sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mara ya kwanza tulipopima dagaa wa mchangani, baada ya saa moja uzito wao ulikuwa umepanda. Waliwekwa gramu 200, wakasoma zaidi ya 200, juani! Wanafunzi walinitazama kama walioona mzuka. Mmoja alikuwa ameshachukua raba.

Nikamwambia aiweke chini. Tukakaa tukafikiri. Dagaa mbichi ana unyevu, unyevu unakamata mchanga, na mzani haujui kutofautisha samaki na mchanga. Hapo tukaelewa kwamba kwa sampuli za M hatuwezi kupima ukaukaji kila saa kama za T na C, kwa kuwa tunapima vitu viwili kwa mpigo. Tukapunguza swali: kasi ya kukauka tutalinganisha turubai na chanja tu, na mchangani tutapima mchanga uliobebwa mwishoni. Wale wanafunzi waliona kama tumeshindwa. Kwangu siku ile ndiyo mradi ulipoanza kuwa sayansi, na hadithi hiyo waliisimulia kwa majaji.

Namna ya kuupata mchanga: dagaa wakishakauka, waweke kwenye ndoo safi yenye maji, tikisa taratibu, watoe samaki mmoja mmoja. Acha maji yatulie nusu saa. Mwaga maji ya juu polepole ukipitisha kwenye kitambaa kilichopimwa uzito kabla kikiwa kikavu. Kausha kitambaa pamoja na mchanga uliobaki, pima, toa uzito wa kitambaa. Magamba machache yatabaki humo. Yaondoe kwa mkono na uandike kwamba umeyaondoa.

Usalama ni mfupi ila haujadiliwi. Miradi ya sabuni ya mawese hutumia kostiki, inayounguza ngozi na macho: miwani, glavu, mwalimu pembeni. Msioteshe bakteria wa maji machafu darasani. Mnaopima maji mdomoni mwa mto, mna viboko na mamba huko. Nendeni na mtu mzima anayepajua, kwenye mtumbwi mzima, mkiwa mmevaa maboya. Na mkihoji watu, waambieni mnachokifanya, waombeni ridhaa, wala msiandike majina yao kwenye bango.

Hatua ya nne: daftari

Boti ya kwenda Gombe, hifadhi ya sokwe mtu, huanzia hapahapa kwetu. Julai 1960 Jane Goodall alifika kule akiwa kijana asiye na shahada, na kazi yake kubwa ilikuwa kukaa, kutazama na kuandika. Mwaka uleule aliona sokwe mtu akichokonoa kichuguu kwa ubua na kula mchwa waliong'ang'ania. Wakati huo wasomi waliamini kutengeneza zana ni sifa ya binadamu peke yake. Aliaminiwa kwa sababu aliandika alichokiona, siku kwa siku.

Daftari la mradi liwe moja, la jalada gumu, kurasa zina namba. Tumia kalamu ya wino. Ukikosea, piga mstari mmoja ili kilichokosewa kisomeke, andika sahihi pembeni. Liandikwe palepale uwanjani, hata likipata magamba ya dagaa. Daftari safi mno, lenye mwandiko mmoja na wino mmoja mwanzo hadi mwisho, jaji mzoefu anajua limenakiliwa jana usiku.

Ukurasa mmoja wa wanafunzi wangu ulisomeka hivi: "Saa 7 mchana. Mawingu kidogo, upepo kutoka ziwani. C1, C2, T1, T2, T3 zimepimwa. C3 haijapimwa vizuri: paka amepanda chanja, amekula kiasi kisichojulikana. C3 imeondolewa. Kesho jaribio zima linarudiwa, chanja ifunikwe chandarua." Jaji aliposoma hapo alicheka, kisha akauliza maswali ya maana kwa dakika kumi. Wangeweza kukisia uzito wa C3 na hakuna ambaye angejua. Ndiyo maana ya kutopika data.

Shule za bweni haziruhusu simu, kwa hiyo picha zipigwe na mwalimu, na kila picha iwe na kibao cha sampuli na tarehe ndani yake.

Hatua ya tano: hesabu

Hizi ni namba za mfano tu, msizinakili. Tuseme baada ya siku mbili sampuli za chanja zimebaki gramu 62, 58 na 66. Jumla 186, gawa kwa tatu, wastani 62. Zilianza 200, zimepoteza 138, ambayo ni asilimia 69. Samaki mbichi ni maji kwa takribani asilimia 70 hadi 80 ya uzito wake, kwa hiyo jibu linaingia akilini. Mngepata asilimia 95, mngetafuta kosa kabla ya kushangilia.

Tuseme za turubai zimebaki 71, 64 na 75. Wastani 70, zimepoteza asilimia 65. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika: "Chanja ni bora." Subiri kidogo. Sampuli nzito ya chanja ni 66, na nyepesi ya turubai ni 64. Zimepishana. Kwa sampuli tatu tatu, tofauti hiyo inaweza kuwa ya kweli au ya bahati. Rudieni jaribio siku nyingine. Kama mpangilio ni uleule mara tatu, mna haki ya kusema zaidi. Kama muda umeisha, andikeni "vipimo vinaelekea kuonesha" na mseme mngefanya nini mkipata wiki mbili nyingine. Majaji huheshimu sentensi hiyo kuliko kujigamba.

Grafu moja ya mstari, saa chini na uzito pembeni, ichorwe kwa rula kwenye karatasi ya grafu. Kompyuta si lazima.

Hatua ya sita: bango na safari

Boksi la friji linakunjika mara tatu na kusimama lenyewe. Kushoto swali, sababu na nadharia tete. Katikati jaribio, jedwali na grafu. Kulia majibu, upungufu na shukrani. Herufi zisomeke na mtu aliyesimama hatua mbili nyuma. Maneno machache, kwa kuwa mengine mtayasema wenyewe.

Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, kwa treni au basi. Bango lililogundishwa kila kitu litafika limevunjika shingo. Karatasi zizungushwe ndani ya bomba la plastiki lililofungwa ncha zote mbili, boksi lisafiri limekunjwa, mkagundishe mkifika. Bebeni gundi, mkasi na nakala ya karatasi zote.

Tafadhali msibebe dagaa mbichi ndani ya basi. Bebeni wakavu kwenye chupa iliyofungwa, na kando yake chupa ndogo yenye mchanga mliouosha kutoka kwenye gramu 200 za M1. Chupa hiyo ya mchanga mezani itavuta watu kuliko taa za rangi.

Hatua ya saba: mbele ya majaji

Sayansi sekondari tunaifundisha kwa Kiingereza, na hapo watoto wenye akili huganda kama maziwa ya Mpemba. Dawa yangu: elezeni mradi kwanza kwa Kiswahili, tena kwa mtu asiye na haya ya kuwabishia. Sisi tulirudi kwa yule mama wa Kibirizi. Aliuliza, "Na siku ya mvua je, chanja yenu inafanyaje?" Hawakuwa wamefikiria. Walirudi wakapima siku moja ya mawingu. Mkishaweza kumjibu yeye, Kiingereza ni kazi ya kutafuta maneno tu, na mtayafanyia mazoezi kila jioni kwa wiki mbili.

Wote wawili mzungumze. Kama mmoja ananyamaza, jaji atamgeukia yeye. Tegemeeni maswali haya: swali mlilipataje, kwa nini gramu 200, kipi kilienda vibaya, nani alifanya nini, mngebadilisha nini. Msilolijua, semeni hamlijui, kisha mseme mngelijaribu vipi. Mwalimu asimame mbali, ikiwezekana nje ya ukumbi akinywa chai. Nimeona mradi mzuri ukizama kwa sababu mwalimu alikuwa akinong'ona majibu nyuma ya bango.

Tembeleeni pia mabanda ya wengine, na daftari mkononi. Swali la mwaka kesho mara nyingi hupatikana pale.

Mkirudi

Nendeni mwaloni mkawaambie kina mama mlichokipata, mkiwa na ile chupa ya mchanga, na muwaambie pia msichokuwa na uhakika nacho. Daftari libaki shuleni, kabatini, ili kidato cha pili wa mwaka ujao waanzie mlipoishia: je, chanja ya matete inafanya kazi sawa na ya wavu, kwa bei nafuu? Na mzani urudishwe maabara siku hiyohiyo, betri zikiwa zimetolewa.